Barua Zilizofungwa kwa Uzi

2 Machi

Naanza daftari hili kwa sababu barua zetu zina msomaji wa katikati. Kila tunachomwandikia mjukuu wangu jeshini hupita kwanza mbele ya karani wa ofisi ya barua za askari, na mtu akishajua kwamba maneno yake yatasomwa na mwingine kabla ya mwenyewe, mkono unakuwa mzito. Hapa hakuna karani. Hapa nitaandika hata mvua, ambayo kwenye barua imekatazwa, kwa hoja kwamba adui akijua kulikonyesha atajua barabara zenye matope. Nilifundisha jiografia miaka thelathini na minne na sikuwahi kufikiri kwamba mvua inaweza kuwa siri ya jeshi.

Basi: tangu jana asubuhi, milimita 11, kwa kopo nililoliweka juu ya ukuta wa uani.

Tuko watatu nyumbani. Mimi. Binti yangu wa pekee, fundi wa nguo, ambaye cherehani yake iko chumba cha mbele chini ya dirisha, na ambaye mumewe alifariki mtoto wao akiwa bado anatambaa. Wa tatu ni mke wa mtoto huyo, aliyeolewa miezi mitano tu kabla ya vita, na ambaye kwa utani wa babu na wajukuu namwita mke wangu. Anajifunza ushonaji kwa mama mkwe wake. Anacheka sana na anaimba akifanya kazi, na sijajua bado kama ndani ya kicheko hicho mna kitu.

Mtoto mwenyewe tunamwita Pini, kwa kuwa alikulia chini ya meza ya kushonea akiokota pini zilizodondoka. Sasa ana miaka ishirini na minne na bunduki.

4 Machi

Siku ya barua. Huwa kila Jumatano. Nieleze inavyofanyika.

Barua ni moja lakini ina sehemu tatu. Ya kwanza ni yangu, ya habari za jumla. Ya pili ni ya mkewe, ambayo huiandika mwenyewe huku ameikinga kwa kiganja nisiione. Ya tatu ni ya mama yake. Binti yangu hakupata kusoma. Alipokuwa na umri wa shule mimi nilikuwa nikifundisha watoto wa watu mbali na nyumbani, na yeye alibaki kumuuguza mama yake. Kosa hilo ni langu na sijapata kifutio chake. Kwa hiyo yeye husema, mimi huandika. Husema huku akikanyaga cherehani, pini zimebanwa mdomoni. Mwanzoni nilikuwa nikimnyooshea sentensi zake. Nilipomsomea, alisimamisha gurudumu akaniambia, "Hayo ni yako, Baba. Andika ya kwangu." Tangu hapo naandika anavyosema.

Leo kasema hivi: "Mwambie ale. Mwambie asilale na soksi mbichi. Mwambie shati lake nimelishona pana mabegani, asije akarudi amekonda akanitia aibu."

Barua hupelekwa ikiwa wazi. Karani, ambaye foleni nzima inamwita Muhuri, huisoma dirishani, hupitisha wino mweusi juu ya asichokitaka, hugonga mhuri, kisha unaifunga mbele ya macho yake. Kuna chungu cha gundi pale, lakini tangu mvua zianze gundi imekuwa uji, na Pini aliandika kwamba barua zinamfikia zimeachama. Binti yangu aliudhika. Mwezi uliopita alichomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake akaishona bahasha papo hapo: mishono saba, fundo limefichwa ndani. Yeye ni mashoto, kila kitu hufanya kwa mkono wa kushoto, hivyo mishono yake huinama upande wake peke yake, kama watu wanaotembea kuukabili upepo. Muhuri alipekua kitabu chake cha masharti akitafuta palipokatazwa sindano. Hapakuwepo. Sasa nusu ya foleni humsubiri binti yangu awashonee zao.

5 Machi

Milimita 9. Hakuna barua.

8 Machi

Milimita 14. Hakuna barua. Mke wangu kauliza kama kopo langu halichoki.

12 Machi

Barua ya Pini. Mistari minne imefutwa kwa wino mweusi. Anasema ni mzima, viatu vimepatikana, uji ni ule ule. Kwa mama yake ameandika: "Nasikia wenzangu wanafichwa habari za nyumbani. Usinifiche, Mama. Ukiugua niambie. Nitakuja hata kwa magoti." Mstari huo hawakuufuta.

Mkewe alicheka, akasema magoti ya mumewe anayajua, hayafiki hata sokoni. Binti yangu alitabasamu. Mimi sikucheka. Kwenye ukuta wa ofisi ya barua lipo tangazo, na mimi husoma matangazo: mtoro wa jeshi hupigwa risasi.

17 Machi

Mwokaji mikate wa mtaa wetu alizikwa juma lililopita. Leo asubuhi mwanawe alikuwa nyumbani, amevaa nguo za kiraia, ametoka jeshini bila ruhusa siku aliposikia. Alikuwa kwenye tanuru akimsaidia mama yake kuwasha moto. Askari wanne walimchukua akiwa na unga mikononi hadi kwenye viwiko. Mama yake aliwafuata mpaka kona akiuliza kila mtu kama wanaweza kumpa muda anawe.

18 Machi

Barua imekwenda. Milimita 22. Binti yangu alitangulia kurudi nyumbani, nami namkuta amekaa mbele ya cherehani bila kukanyaga. Miguu imevimba mpaka viatu havimwingii. Anasema ni ya kusimama foleni. Nikabonyeza juu ya kifundo kwa kidole, shimo likabaki pale pale kama kwenye udongo wa mfinyanzi.

21 Machi

Nesi anayekaa nyumba ya nyuma amekuja. Ni figo. Hospitali imejaa majeruhi, wanalala hata kwenye korido, na dawa iliyokuwepo imepelekwa mstari wa mbele. Alisema tumpunguzie chumvi na maji. Nikamuuliza ni muda gani. Akasema, "Mwalimu, mimi napima shinikizo la damu tu." Mtu anayejibu hivyo amekwisha kujibu.

25 Machi

Hawezi kufika ofisini. Alihofia kwamba Pini akiiona bahasha imefungwa kwa mkono mwingine atajua jambo limeharibika. Basi tangu jana amemkalisha mke wangu kitandani pake na bahasha kuukuu, akimfundisha kushona kwa mkono wa kushoto. Bahasha ya kwanza ilionekana imeng'atwa na panya. Ya tisa binti yangu aliigeuza huku na huku kwenye mwanga, akasema hapo hata yeye mwenyewe angedanganyika.

Leo mke wangu ameishona dirishani, kwa kushoto, saba, fundo ndani. Foleni ilimshangaa. Wakauliza fundi yuko wapi. Akasema ana kazi nyingi.

29 Machi

Milimita 31. Uani maji yamefika kwenye kizingiti. Hakuna barua.

2 Aprili

Wamebandika jina la mtoto wa mwokaji kwenye ukuta wa ofisi ya barua. Chini yake neno moja na tarehe. Mama yake hajafungua duka, lakini tanuru linatoa moshi. Wanasema analiwasha na kukaa mbele yake tu.

Nilidhani tungemficha binti yangu. Majirani walipitisha habari dirishani kabla sijavua koti. Baada ya chakula cha mchana akaniambia nilete karatasi na kalamu. Alikuwa ameegemea mito mitatu, uso umevimba kama wa mtu mwingine aliyeazima macho yake.

"Baba, mimi nikifa nitaendelea kuandika. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Nilijifanya sikuelewa, nikaanza kumweleza kwamba figo huweza kupona, kwamba kuna watu wameishi na moja. Akaniacha nimalize, kama alivyokuwa akiniacha alipokuwa mdogo nikimweleza kwa nini mwezi hupungua. Halafu akasema tuanze, akitaka barua kumi, moja kwa kila juma, mpaka mvua ziishe. Mvua zikiisha, alisema, huenda vita navyo vikaisha.

Mke wangu alikuwa mlangoni na beseni. Alisema taratibu kwamba huyu ni mama yake, na mtu ana haki ya kumlilia mama yake.

"Atalia," akasema binti yangu. "Ataanza kulia akiwa mlangoni hapo uliposimama wewe, akiwa mzima. Sitaki alie ukutani, mbele ya bunduki."

Mke wangu akaweka beseni chini akatoka. Sikusikia wimbo siku nzima.

Ya kwanza nainakili hapa, maana karatasi zitaondoka: "Uliniandikia utakuja kwa magoti. Suruali hiyo nani ataifua? Mimi sitambaliwi. Njoo kwa miguu, mchana, kwa mlango wa mbele, na karatasi ya ruhusa mkononi nikuone umeishika. Nisipoiona karatasi sikufungulii, nakuapia, hata ukigonga mpaka kesho."

5 Aprili

Ya pili na ya tatu. Anachoka katikati ya sentensi. Namngoja. Nimewahi kuwangoja wanafunzi wengi wamalize sentensi, lakini sikuwahi kutamani hivi sentensi isimalizike.

9 Aprili

Ya nne. Ilimchukua asubuhi nzima, na nusu yake ni kuhusu namna ya kukausha soksi. Milimita 18.

11 Aprili

Alasiri aliomba kusikia cherehani. Tulikuwa tumeisogeza mbali na kitanda chake ili nesi apite, na tangu siku ile chumba kilikuwa kimya. Mke wangu akakaa, akatia uzi, akachukua shati la Pini lililokuwa limebaki pindo la chini, akaanza kukanyaga. Binti yangu alifumba macho. Alisema mara moja tu, "Polepole, mwanangu, unakimbizana na nani," na mke wangu akapunguza mwendo. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wake wa kushoto, wenye sugu pale sindano inaposukumwa.

Sijui ni dakika ipi. Nilichojua ni kwamba mkono uliacha kunishika na mimi nikabaki nimeushika. Nikamwangalia mke wangu. Alikuwa ameona. Hakusimama. Alikanyaga mpaka mwisho wa pindo, akarudisha mishono mitatu ya kukaza, akakata uzi kwa meno, akalikunja shati. Ndipo akaja.

Nilimchukia kwa hilo. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilijiambia: huyu ni jiwe, mtu amekufa yeye anamalizia pindo.

Halafu nilitoka uani nikapima mvua. Milimita 26. Sijui na mimi nilikuwa nani nikifanya hivyo.

12 Aprili

Tumezika. Kaburi lilikuwa likijaa maji, watu wawili wakiyachota kwa ndoo mpaka dakika ya mwisho. Mjane wa mwokaji alikuja. Alinishika bega, akasema kitu kimoja tu: nisimwambie yule wa jeshini.

15 Aprili

Barua ya kwanza tangu afariki. Sehemu yangu niliiandika mara tatu, kwa kuwa kila mara neno "sisi" lilihesabu watu watatu. Mkewe aliandika yake kwa kifupi. Nilimwomba nione kama hakusema chochote. Akanipa. Hakuwa amesema. Kisha nikanakili maneno ya binti yangu, yale ya magoti, kwa mwandiko ule ule.

Muhuri aliisoma muda mrefu. Anaishi mitaa miwili kutoka kwetu. Alikuwepo mazikoni, nilimwona na mwavuli. Nilikuwa nimejiandaa na hotuba. Hakuniuliza lolote mpaka alipofika chini.

"Mwalimu," akasema, sauti ya chini, "marehemu anasema vizuri."

Akatazama brashi yake ya wino, akasema kazi yake ni kufuta yanayomsaidia adui, na humo hajamwona adui. Akagonga mhuri. Nilikuwa bado namtazama yeye wakati mke wangu akiifunga bahasha. Alichukua muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

22 Aprili

Ya pili imekwenda. Milimita 17. Mke wangu ameanza kuimba tena. Nimemwambia nyumba hii ina msiba. Akaniangalia, na cherehani ikaendelea bila wimbo, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

29 Aprili

Ya tatu. Naota mchana nikiwa macho: naona askari wanne wakipita dirishani, naona unga mikononi mwa Pini, ambaye hajawahi hata kukanda.

3 Mei

Barua ya Pini, ya kwanza tangu aipate ile ya magoti. Niliifungua nikiwa nimesimama.

Ni ndefu, na karibu yote ni ya mama yake. "Mama, karatasi ya ruhusa nitakuja nayo, usijali. Je, unakumbuka siku niliyomeza pini? Ukanilisha viazi vya kuchemsha siku mbili, ukakaa nje ya choo na taa ukingoja, na Babu akatuchorea tumbo kwenye ubao kutuonyesha pini imefika wapi. Siku ya tatu ikapatikana, na wewe ukaiosha ukaitumia kwenye gauni la bibi harusi."

Mke wangu alisoma akaenda kukaa uani mvuani. Mimi nilibaki mezani. Mbona anauliza? Pini hakuwa mtu wa kukumbushia. Anauliza kwa sababu anashuku. Anatega mtego, aone kama mama atajibu kama mama.

6 Mei

Ya nne na ya mwisho kati ya zake. Nimeongeza mstari mmoja wa kwangu kujibu habari ya pini. Milimita 12.

10 Mei

Mapigano, redio inasema, ni makali, na kila mahali wanapopataja ni upande aliko Pini. Kwenye ukuta wa ofisi wameongeza ubao wa pili wa majina ya waliokufa.

13 Mei

Leo sikuwa na maneno yake. Nimekaa na karatasi tangu kifungua kinywa. Mimi niliyewafundisha watu kuandika insha, nashindwa kuandika mistari sita ya mwanamke aliyekuwa akizungumza na pini mdomoni. Nikiandika vizuri, ni mimi. Nikiandika vibaya, ni mimi nikijifanya yeye. Nilimwomba mke wangu anisaidie, yeye alikaa naye meza moja mwaka mzima.

"Babu, mimi nimekushonea bahasha," akasema. "Kumsemea siwezi."

Nikamwambia anataka mumewe apigwe risasi. Akasema nisirudie neno hilo, akaenda kuanika nguo ambazo kwa mvua ile zisingekauka.

Mwisho nikaandika kuhusu soksi. Imekwenda.

15 Mei

Barua ya Pini. Tena kumbukumbu, tena ndefu: jinsi mama yake alivyokuwa akimkata nywele kwa mkasi wa vitambaa, na kovu la sikio lilivyopatikana, na maneno aliyoyasema siku hiyo, neno kwa neno. Anamaliza: "Nijibu ukipata nafasi, Mama, hata mistari miwili. Hata kama ni soksi." Hiyo soksi imenichoma. Ile barua yangu ya soksi haijamfikia bado, kwa hiyo hakuidhihaki. Lakini niliogopa kana kwamba ananiona.

20 Mei

Nimeandika tena. Nimetumia kovu la sikio. Nimegundua njiani kwamba nimerudia soksi.

24 Mei

Milimita 8. Hakuna barua.

27 Mei

Imekwenda nyingine. Hakuna iliyokuja.

30 Mei

Milimita 5. Hakuna barua.

1 Juni

Hakuna barua. Mke wangu hutangulia kwenye ubao wa majina na kuusoma kuanzia chini kwenda juu. Nilimuuliza kwa nini. Akasema akianzia juu hugeuka kurudi kabla hajafika herufi ya mumewe. Siku zote nilidhani anacheka kwa sababu hajali. Leo nimemwona anavyosoma ubao ule, kidole kikipanda jina kwa jina, na nimeona haya.

3 Juni

Imekwenda. Hakuna iliyokuja. Muhuri hakusoma barua yetu, aligonga tu.

6 Juni

Tarishi alileta kifurushi badala ya barua, akakikabidhi akiangalia kwingine, kwa sababu vifurushi vya aina hiyo huwa na maana moja. Mke wangu alikipokea, akakiweka juu ya meza ya cherehani, na tukakitazama bila kukigusa mpaka maji ya chai yalipokauka jikoni.

Juu yake kulikuwa na karatasi ya kuchapwa. Nilimsomea kwa sauti, mara mbili, maana mara ya kwanza hakuna aliyesikia. Ilisema askari wa kikosi hicho, kwa sababu ya safari iliyo mbele yao, wameamriwa kurudisha nyumbani barua na karatasi zote binafsi, na kwamba kwa muda hawataandika. Haikusema kafa. Ilikuwa na sahihi ya Pini chini, ya tarehe 29 Mei.

Ndani mlikuwa na barua zetu, zimefungwa mafungu mawili.

Fungu la kwanza lilikuwa la zile za mpaka tarehe 8 Aprili. Kila bahasha ilikuwa imefumuliwa mshono kwa mshono, bila kuchana karatasi, na nyuzi zote zilikuwa zimezungushwa kwenye kipande cha kadibodi, moja baada ya nyingine, kama mama yake alivyomfundisha asitupe uzi.

Fungu la pili lilikuwa la zile za tangu 15 Aprili. Hizo mishono yake ilikuwa bado ipo, mizima. Alikuwa amezifungua kwa upande wa pili, kwa kisu. Niliziweka moja moja kwenye mwanga wa dirisha, na hapo ndipo mimi, mzee niliyesoma, nilipoona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu majuma yote hayo. Mishono ilikuwa saba, ndiyo. Lakini iliinamia upande mwingine.

Kwenye mgongo wa bahasha ya 15 Aprili ameandika kwa penseli: "Imefika 24 Aprili. Mama hayupo." Chini yake, kwa mwandiko mdogo: "Nilikwenda nayo mpaka kwenye uzio wa kambi bila kuifungua. Nikaisoma pale. Nikarudi."

Nilimgeukia mke wangu. Hakungoja nimuulize.

"Uliniambia nisiseme, sikusema," akasema. "Uliniambia nisiandike, sikuandika. Ila mkono huo wa kushoto Mama alinipa nimsaidie nao akiwa hai. Siku ile dirishani niliushika uzi kwa kushoto, Babu, na vidole vilikataa. Nikahamishia kulia."

"Ulijua ataona?"

"Amekulia chini ya meza ile. Angeona hata gizani."

Nilitaka kukasirika na sikupata pa kuanzia. Ninachojaribu kukielewa tangu asubuhi ni hiki. Kama angeambiwa kwa maneno, angekuwa amevuka uzio. Kama angepewa maneno ya mama yake tu, angekuwa anadanganywa mpaka leo. Lakini alipewa vyote viwili katika bahasha moja: nje uzi uliomwambia kwamba mama amekufa, ndani mama mwenyewe akimwambia asije bila karatasi. Wanawake wawili waliokaa meza moja walimshika kila mmoja mkono wake, na mmoja hakujua anachofanya mwenzake. Mimi katikati nilidhani barua ni maneno.

Nikazisoma upya barua zake za Mei. Habari ya viazi, habari ya mkasi, maneno ya mama yake neno kwa neno. Haukuwa mtego. Alikuwa akinipa majibu. Nimewahi kuona mwalimu mwema akipita kati ya madawati wakati wa mtihani, akisimama karibu na yule mwanafunzi dhaifu, akisoma swali kwa sauti namna ambayo jibu linasikika ndani yake. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye dawati.

Kwenye bahasha ya 13 Mei ameandika: "Hii ni ya Babu." Kwenye ya 20: "Soksi tena. Maskini Babu, amechoka."

Tulicheka, mke wangu na mimi, mpaka kicheko kikageuka, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili tulimlilia binti yangu kwa pamoja, kwa sauti, mchana kweupe, dirisha likiwa wazi.

10 Juni

Siku ya barua. Karatasi ile ya kuchapwa ilisema wao hawataandika. Haikusema sisi tusiandike. Muhuri amesema barua za kikosi hicho anazipokea, ila hajui gunia linaishia wapi, na asingependa kunidanganya.

Leo ina sehemu mbili tu. Yangu hii hapa yote: "Pini, ni Babu peke yake. Mama yako alifariki tarehe 11 Aprili, alasiri, akiisikiliza cherehani. Shati lako limekwisha, pindo lilikuwa la mwisho, na mkeo hakuliacha njiani. Maneno ya barua nne za mwanzo baada ya hapo yalikuwa ya mama yako kweli. Yaliyofuata nilighushi, na wewe ulijua ukanisahihisha bila kunipa aibu. Tangu alipofariki hapa pamenyesha karibu milimita mia tatu. Njoo na karatasi yako. Mlango wa mbele."

Muhuri alisoma. Alichovya brashi.

"Mvua inafutwa, Mwalimu."

Akaifuta. Sikubisha. Mengine yote aliyaacha, akagonga mhuri taratibu, akaisukuma kwangu.

Mke wangu alichomoa sindano kwenye ukosi, uzi tayari umetiwa, lakini hakuishona. Alinipa mimi. Miaka sabini na sita, sijawahi kushona hata kifungo. Daima kulikuwa na mwanamke wa kunifanyia. Foleni nyuma yetu ilisubiri na hakuna aliyenung'unika, ila mzee mmoja alisema ajabu zitaisha lini. Nilijichoma mara mbili. Nilipata mishono minne, mmoja umetoka nje kabisa ya karatasi, na fundo nje, kubwa kama punje ya hindi. Mke wangu alinyoosha mkono kusawazisha, kisha akaurudisha.

"Iache hivyo hivyo, Babu," akasema. "Akiiona tu atajua."

14 Juni

Kopo kavu. Hakuna barua. Jina lake halipo ukutani. Mke wangu ameanza kunifundisha kwa bahasha kuukuu, anasema mishono yangu ni fedheha ya ukoo. Jumatano si mbali.